Ndege za Manowari

Kitanda nilicholalia hadi nilipobaleghe kilikuwa cha mbao nyeupe za Ulaya, nyepesi, zenye mafundo mengi, mbao ambazo hakuna seremala wa mtaa wetu wa Chaani, Mombasa, angezipata dukani. Ubavuni, upande wa ukutani, palikuwa na herufi nyeusi zilizopigwa kwa kibati. Nilipojua kusoma nikawa nazisoma nikiwa nimelala, shingo nimeipinda: zilisema kwa Kiingereza kwamba upande huu ukae juu. Zenyewe zilikuwa kichwa chini. Siku moja nikamwuliza baba kama fundi wa kile kitanda alikuwa hajui kusoma. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hizo hazikuwa mbao za kitanda, mwanangu. Ndani yake mlikuja mkia wa ndege."

Ndipo nilipojua kwamba kiwanja cha Port Reitz, tulikokwenda watoto kutazama Dakota za East African Airways zikitua, kiliwahi kuwa cha manowari. Wajukuu zangu wakisikia "ndege za manowari" hudhani babu yao amechanganyikiwa, maana manowari ni meli, na meli haina mbawa. Lakini wazee wa Changamwe walisema vivyo hivyo, ndege za manowari, na walijua wanachokisema.

Nilizaliwa 1949, kwa hiyo vita sikuviona. Ukiacha ya utotoni, niliyoyaona kwa macho yangu yanaanzia 1971, nilipoandikwa kazi ya kupakia na kupakua mizigo pale pale uwanjani, hadi 2004 nilipostaafu. Ya vita ni ya baba. Tarehe ndiyo nimezitia mimi, kwa sababu baba alihesabu miaka kwa mvua na kwa njaa.

Alishuka kutoka upande wa Mazeras mwaka 1942, kijana wa miaka ishirini hivi, baada ya kusikia kwamba Mombasa kuna kazi kwa kila mwenye mikono. Hakujua kwamba kazi hiyo ililetwa na mabomu yaliyoanguka ng'ambo ya bahari. Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili mwaka huo, ndege za Kijapani zilipiga Colombo. Siku nne baadaye zikapiga Trincomalee, zikaizamisha Hermes, manowari ya Kiingereza ya kubebea ndege. Admirali James Somerville akaona Ceylon, Sri Lanka ya leo, hapakaliki, akazirudisha meli zake magharibi hadi Kilindini. Bandari yetu ikageuka makao ya kikosi kizima cha mashariki cha wanamaji wa Uingereza. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, madarasani wakawekwa watu wa kunasa redio za Wajapani na kufumbua maandishi yao ya siri. Hilo baba hakulijua mpaka nilipomsomea gazetini miaka mingi baadaye. Alichokumbuka yeye ni kofia nyeupe. Mji ulijaa kofia nyeupe, na bei ya kila kitu ikapanda.

Sasa, manowari ya kubebea ndege ikishatia nanga, ndege zake huwa kama kuku ndani ya tenga. Haziruki. Sitaha ni fupi, hivyo ndege huhitaji meli iwe mbioni ikikabili upepo ndipo ipate nguvu ya kujiinua. Bandarini, meli imesimama, hakuna upepo wa kutosha wala nafasi. Kwa hiyo ilikuwa desturi kuzirusha meli ikiwa bado bahari kuu, zikatangulia kutua nchi kavu, na siku ya kuondoka zikaifuata meli nje na kuirukia huko. Katikati ya safari mbili hizo lazima ziwe na pa kukaa, pa kutengenezwa, na pa marubani kufanyia mazoezi wasije wakasahau kazi. Port Reitz palifaa kwa hilo: ni uwanda ulioinuka juu ya hori, ng'ambo tu ya kisiwa, mtu anatoka uwanjani kwa lori na kufika gatini kabla chai haijapoa.

Havikukosa viwanja vingine. Wanamaji hao walikuwa na kingine Tanga, kingine Mackinnon Road katikati ya nyika. Na hapa pana jambo lililomchekesha baba hadi uzeeni. Wanamaji wa Kiingereza wana mila ya kuipa kambi ya nchi kavu jina kama la meli. Kambi yao ya Tanga waliiita HMS Kilele. Ya Kilindini, ya watu wa ndege, ikaitwa HMS Kipanga. Na karakana yao ya kutengenezea ndege Nairobi ikaitwa HMS Korongo. Majina ya Kiswahili safi kabisa, na ndege wawili ndani yake! "Yaani Korongo ni meli," baba alikuwa akisema, "na iko Nairobi. Kutoka hapa unapanda gari la moshi usiku kucha ndipo uifikie. Sijui waliisukuma vipi kupanda nyika ya Taru."

Kazi ya kwanza ya baba ilikuwa kuosha. Chumvi ya bahari ni adui wa bati na wa nyaya, na ndege iliyokaa sitahani wiki tatu huja imekolea chumvi kama ng'onda. Walipewa ndoo, matambara na maji matamu, wakaambiwa waanze juu washuke chini. Ndege aliyoipenda ilikuwa Swordfish. Ilikuwa ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, mwili wake umevikwa kitambaa, na mbawa zake zilikunjwa nyuma kama za nzi aliyetua ili ziingie nyingi chini ya sitaha. Kitambaa kilipakwa dawa ya kukikaza, nayo ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Baba aliapa kwamba mwezi wa kwanza alishinda na njaa kutwa kwa sababu ya harufu ile. Nilimdhania anatia chumvi, mpaka fundi mmoja wa ndege ndogo aliponifungulia kopo la dawa ya namna hiyo mwaka 1974. Zilikuwa ndizi kweli.

Kazi ya pili ilikuwa madebe. Petroli iliyopitia mikononi mwao ilikuja ndani ya madebe ya galoni nne, mawili mawili kwenye sanduku la mbao. Walijipanga mstari wakapokezana toka lori hadi ndegeni. Mwarabu wa kahawa, fundi wa makarai, muuza maji, mwenye nyumba ya kukodisha, wote walikuwa wakiulizia madebe matupu. Debe likitobolewa ni ndoo, likikatwa ni karai, likinyooshwa ni ukuta. Mimi nimekulia katika mtaa ambao nusu ya vyoo vyake vilikuwa vya madebe ya petroli ya manowari, na hakuna aliyeona ajabu.

Kutoka uwanjani aliweza kuona Kipevu, chini majini. Huko zilikaa ndege za namna nyingine, Catalina, ambazo mwili wake ni mtumbwi: zinatua juu ya maji, zinafungwa kwenye boya, marubani wanachukuliwa kwa mashua. Hizo hazikuwa za wanamaji bali za jeshi la anga, na kazi yake ilikuwa kukesha juu ya bahari zikitafuta nyambizi. Zilitoka alfajiri na mara nyingine hazikurudi hadi usiku. Leo Kipevu pana matangi ya mafuta na mitambo ya umeme wa dizeli, na ukimwambia kijana anayefanya kazi pale kwamba maji yale yalikuwa kiwanja cha ndege, atakutazama kwa huruma.

Kufikia mwanzo wa 1944 meli kubwa zilikuwa zimerudi Ceylon. Katika wiki ya kwanza ya Februari baba alikuwa gatini, wamepelekwa kupakia masanduku ya vipuri, akaiona meli ya Khedive Ismail ikijaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ndani yake alikuwamo mtu wa kijiji cha jirani, aliyecheza naye pamoja utotoni. Alimpungia mkono kutoka juu, akamwonyesha viatu vyake vipya kwa kuinua mguu mmoja juu ya ukingo. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido mbili, meli ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Habari ilifika kijijini baada ya miezi, kwa mdomo. Kila baba aliposimulia vita, aliishia kwenye ule mguu, kisha akanyamaza, nasi watoto tukajua tuondoke.

Wanamaji walipofungasha, waliuza walichoweza kuuza na kuacha kilichobaki. Masanduku makubwa ya mbao yalitolewa kwa aliyetangulia. Baba alitangulia. Alibeba mbao zake kichwani kutoka Port Reitz hadi Chaani kwa safari nne, na fundi akamlipa kwa kumpa madebe mawili.

Nilipokuwa na miaka kumi, kiwanjani pale hapakuwa na cha kuonyesha kwamba palikuwa pa vita. Zilibaki tu sakafu za saruji porini, bila kuta, zenye vyuma vya kufungia vilivyoota kutu. Mbuzi walipenda kulala juu yake jioni kwa sababu zilihifadhi joto. Sisi tulichezea hapo mpira wa matambara, ingawa ukianguka ulichunika goti. Baba alinionyesha moja na kusema hapo ndipo walipolala wazungu wa ndege. Nyingine, upande wa hori, ilikuwa jiko. Kwamba lilikuwa jiko ulijua mwenyewe: miembe mitatu iliota karibu yake kutokana na kokwa walizotupa wapishi.

Jina lenyewe la Port Reitz ni la baharia. Luteni Reitz aliachwa Mombasa mwaka 1824, wakati Kapteni Owen wa wanamaji wa Kiingereza alipokubali ombi la Wamazrui, watawala wa Mombasa, la kuwekwa chini ya bendera ya Uingereza ili wamkwepe Sultani wa Oman. Kijana huyo alidumu miezi michache, homa ikamuua. Hori likabaki na jina lake, kisha kiwanja, kisha hospitali, kisha mtaa, kisha matatu. Baba, aliyeosha ndege za kile kiwanja kwa miaka miwili, hana hata kichochoro. Nasema tu.

Nilipoanza kazi 1971 tulikuwa tukisukuma mikokoteni kwa mikono hadi kwenye ndege za Friendship zilizotoka Nairobi, tukabeba mifuko ya barua, vifaranga vya siku moja vinavyopiga kelele ndani ya makasha, na samaki wa barafu anayevuja mgongoni mwako. Kisha wakaja watalii wa kukodi ndege nzima, Wajerumani hasa, wakishuka na makoti ya baridi mkononi. East African Airways ilikufa mapema 1977, siku moja tuko na sare, siku nyingine hatujui sare ni ya nani. Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo nasi tukaendelea kubeba masanduku yale yale. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tingatinga zikaingia. Njia ya kurukia ilirefushwa, leo ni zaidi ya kilomita tatu na robo, likajengwa jengo jipya la abiria, na baada ya Rais Moi kushika nchi 1978 uwanja ukapewa jina lake. Kwa mdomo wa makondakta ni Port Reitz hadi leo.

Sakafu za saruji zilienda wakati huo. Niliziona zikivunjwa. Tingatinga ilichukua asubuhi nzima kwenye ile ya jiko, dereva akatukana kwa kila lugha aliyoijua, kwa maana wanamaji walimwaga saruji kana kwamba watakaa miaka mia. Kifusi chake kiko chini ya lami. Ukitua Mombasa, umekanyaga jiko la wanamaji.

Kisha wageni wa kivita wakarudi, taratibu. Mwaka 1980 Kenya ilitia saini mkataba wa kuwaruhusu Wamarekani kutumia bandari na viwanja vyetu. Kwa miaka kumi tuliona manowari zao Kilindini, na ndege zao moja moja zikija kuegeshwa pembeni, zikilindwa na vijana wasiojua kukaa kivulini. Lakini mwaka ambao mimi mwenyewe siwezi kuusahau ni 1992.

Somalia ilikuwa imevunjika na watu wakifa njaa. Sisi Mombasa hatukuhitaji kuambiwa: kambi ya Utange ilikuwa imejaa wakimbizi waliokuja kwa mashua. Agosti, Wamarekani wakaleta ndege zao za Hercules, Wajerumani wakaleta Transall, na uwanja wetu ukawa ghala la njaa ya nchi nyingine. Mchele, maharage, unga wa mahindi na soya, mafuta ya kupikia. Ndege ziliruka kwenda Baidoa na Bardera, na nyingine Wajir na Mandera, maana ukame haujui mpaka. Hercules hufunguka nyuma, mlango ukashuka chini kama ulimi. Mashine zao za kunyanyulia zilibeba mzigo mzima mzima. Sisi tulipanga magunia juu ya mabamba, tukayafunga nyavu, tukasogea. Joto la injini lilikupiga usoni kama la tanuri la mikate. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na sijawahi kuchoka kama vile wala kulala usingizi mtamu kama vile.

Jioni moja mjukuu alimleta baba hadi kwenye ua. Alikuwa na miaka sabini, jicho moja limeshaingia mtoto. Nilimkuta ameshika waya kwa vidole vyote kumi.

"Shikamoo, baba. Umekuja kutafuta nini huku?"

"Marahaba. Nimekuja kuwaona wako vipi. Hawa mimi nimewaoshea ndege zao."

"Wale walikuwa Waingereza, baba. Hawa Wamarekani."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa jambo dogo. Akatazama Hercules moja ikigeuka, akauliza, "Na manowari yao iko wapi?" Nikamwambia hizi hazina manowari, zimeruka zenyewe kutoka kwao. Akafikiri. "Basi hakuna anayezingoja," akasema. "Watakaa hawa." Hapo alikosea. Mwaka uliofuata waliondoka, na kwa miezi kadhaa magunia yao ya nailoni yenye bendera yalikuwa mapazia ya milango Chaani.

Baba alifariki 1997. Katika kasha lake nilikuta kipande. Vijana hawakijui, basi nieleze. Kila mwanamume Mwafrika alipaswa kukibeba chini ya serikali ya kikoloni: karatasi yenye alama za vidole vyake, jina, kabila, na safu za kila mwajiri kujaza lini ameingia, lini ametoka, kwa mshahara gani. Karatasi ilikunjwa ndani ya kibati na kibati kikaning'inizwa shingoni kwa uzi, kama njuga ya mbuzi. Kibati chake kimeoza pembe moja. Nilipokifungua karatasi ilikuwa imeshikamana kama majani ya chai. Niliibandua kwa mvuke wa sufuria, kidogo kidogo, na nilichookoa ni kidole gumba cha kulia, mwaka 1942, na saini ya mwajiri ambayo ni mstari mmoja mrefu wenye kikonyo mwishoni. Karani wa uwanjani aliandika kwa haraka. Hilo tu ndilo andiko nililowahi kuliona linalosema baba yangu alikuwako pale.

Novemba 28, 2002 nilikuwa zamuni asubuhi. Ndege ya Arkia iliruka na abiria 261 kuelekea Tel Aviv, na kumbe watu walikuwa wameificha mitambo ya makombora nje ya uwanja. Makombora mawili yaliikosa. Asubuhi hiyo hiyo hoteli ya Kikambala ililipuliwa, wakafa Wakenya kumi na Waisraeli watatu. Sisi chini hatukujua lolote mpaka redio iliposema. Tangu hapo ua umepandishwa, vituo vya ukaguzi vimeongezwa, na mahali pale baba aliposhika waya hapasimamiki. Watoto wa Chaani wa leo wanazijua ndege kwa mngurumo tu.

Nimesoma habari za nchi nyingine ambako viwanja vya vita vimeachwa vikafunikwa na nyasi, au vikageuzwa makumbusho yenye Swordfish iliyopakwa rangi upya. Chetu hakikuachwa hata siku moja. Walipotoka wanamaji waliingia wa barua, walipotoka hao wakaingia watalii, wakaja wa misaada, wakarudi watalii. Kiwanja kinachofanya kazi hakibaki na kumbukumbu yake. Kila anayekuja humwaga lami juu ya aliyetangulia. Ndiyo maana ukitaka historia ya Port Reitz ya vita, usiitafute Port Reitz. Itafute kwenye nyumba za kandokando.

Kitanda chetu kililiwa na mchwa, nikaokoa ubao mmoja. Nauhifadhi pamoja na kile kibati, ndani ya mfuko wa plastiki wenye kifuko cha kunyonya unyevu. Kama wewe unayesoma ni wa Changamwe, Mikindani, Miritini, Mazeras au Rabai, na marehemu babu yako aliacha kasha ambalo hakuna aliyelifungua, lifungue kabla ya mvua za masika. Ukikuta kipande kilichoandikwa 1942, 1943 au 1944, usikibandue mwenyewe kama nilivyofanya mimi. Kipige picha pande zote mbili, kisha wapelekee watu wa makumbusho ya Fort Jesus wakitazame.